Ua Halitajwi kwa Picha

Mtu akikuambia kwamba jirani yangu Miwani ni mzee mpole asiye na makuu, mkubalie huo upole na ukatae hayo mengine. Nimepakana naye ukuta miaka mingi, yeye akitengeneza miwani, mimi nikishona viatu, na ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba: nikipiga msumari kwangu, vioo vinalia kwake. Namsikia akikohoa. Namsikia akiwabadilishia wateja vioo mbele ya macho na kuwauliza, "Ipi afadhali, hii au hii?" kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto alale. Ukimsikia hivyo utadhani hawezi kumsumbua hata nzi. Lakini mtu huyo huyo alikuwa akisimamisha msafara mzima mlimani, watu wazima na akili zao, ili mwanamke mmoja tu ageuke amwendee.

Kundi letu halina jina wala ofisi. Tuna mwalimu mstaafu, karani wa benki, mimi, na wengine wachache ambao magoti yao bado yanawatii. Baridi ikipungua na mvua za kwanza zikashika, vilima vya nje ya mji hujaa maua ya porini, na maua hayo hayangoji mtu. Yanakaa wiki chache, kisha jua linayala. Basi kila Jumapili ya msimu huo tunapanda kuyatafuta na kuyatambua. Hatuchumi hata moja. Tunayoyajua tunayaita kwa majina yake, na tusiyoyajua tunayapa majina ya nyumbani mpaka tupate ya kweli. Kuna moja tunaliita sikio la paka. Jingine, jeupe lenye vumbi la njano, tunaliita pua ya mwalimu, kwa sababu mwalimu alilinusa kwa pupa akashuka na unjano wake puani mpaka mjini, na hakuna aliyemwambia.

Njia za kule ni nyembamba, kwa hiyo tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Anayetangulia tunamwita Kichwa. Anayefunga safu tunamwita Mkia, na kwetu kushika mkia si aibu, ni cheo, maana Mkia ndiye anayetazama yale ambayo sisi wengine tumeyapita kwa haraka zetu. Mtu akiona ua analitaja kwa sauti, na jina linapokewa mdomo kwa mdomo hadi nyuma. Mkia akiridhika anasema, "Limepita." Asiporidhika anasema, "Halijapita," na hapo safu yote inasimama. Kichwa anarudi nyuma kwa miguu yake, anatupita mmoja mmoja, anapiga magoti mbele ya ua na kukata shauri.

Lazima alione lenyewe. Zamani tuliruhusu picha, mpaka siku karani alipotuonyesha kwenye simu yake ua la zambarau alilolipiga kwa mbali. Tulibishana juu yake wiki nzima, watu wakanuniana, na tulipokwenda kulitazama tukakuta ni karatasi ya pipi imenasa kwenye mwiba. Toka siku hiyo kanuni ni moja na hata karani anaiheshimu: ua halitajwi kwa picha.

Kichwa wetu alikuwa Mama Mkunga. Alikuwa amestaafu hospitali, mjane, mwepesi wa miguu na mzito wa kusifu. Nusu ya mji imepita mikononi mwake, na nusu iliyobaki anaijua kwa ukoo. Alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu kundini aliipenda. Kabla ya kugusa ua alifuta mikono yake kwenye sketi, mbele na nyuma, kama anayejiandaa kupokea mtoto. Kisha alishika shina kwa vidole viwili bila kulibana, akaligeuza taratibu kwenye mwanga, na kunyamaza. Mkia wetu alikuwa Miwani. Lenzi yake ya kukuzia ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu niliyompa mimi.

Siku ya kwanza aliyosema "Halijapita" bila sababu, ua lenyewe lilikuwa kishona nguo. Nirudie ili unielewe vizuri: kishona nguo. Kile kijimmea cha kando ya kila njia, ua dogo lenye moyo wa njano na vijipetali vyeupe, na mbegu zake nyeusi zinakuganda kwenye soksi na pindo la suruali hata ukifika nyumbani bado unazing'oa. Hata mbuzi anakijua. Mwalimu alikitaja kwa kupitisha wakati tu, na kule nyuma tukasikia ile sauti ya kubembeleza ikisema halijapita.

Mama Mkunga akarudi. Alitupita sote bila neno, akafuta mikono, akapiga magoti. Miwani naye akapiga magoti upande wa pili akimpa lenzi, akimwonyesha kwamba majani haya yana meno mengi kuliko kawaida. Waliinama pale, paji la uso kwa paji la uso, mpaka mwalimu akaanza kupiga miayo. "Ni kishona nguo, Bwana Miwani," alisema Mama Mkunga mwishowe. Miwani akashukuru, akasema basi limepita. Uso wake siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

Msimu ule na uliofuata, ikawa ndiyo dawa yake. Ua hili vinyweleo vyake vimelala upande mwingine. Lile harufu yake ni ya jioni na sasa ni asubuhi. Kila mara Kichwa alirudi, kila mara walipiga magoti, na kila mara Miwani alikuwa amekosea. Wenzetu walidhani macho yake yanaharibika, wakacheka kwamba kinyozi hajinyoi. Mimi sikucheka. Mchana kutwa namsikia nyuma ya mbao akisoma namba za vioo ndogo kuliko chawa, na hakosei. Tena mapenzi ni kikohozi, na kikohozi cha mtu huyu nimekizoea.

Nikamwambia wazi, tukiwa tunafunga maduka, kwamba aache kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, amwambie mama wa watu. Alisafisha miwani yake mwenyewe kwa muda mrefu. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi, na tangu hapo hakuwa amesema neno la namna hiyo kwa mtu.

"Jirani," akasema, "nikimwambia akakataa, hatarudi tena nyuma. Sasa hivi walau anarudi."

Ndivyo alivyoendelea kuishi, Jumapili hadi Jumapili, kwa makosa ya kutengeneza.

Kisha habari ikaja. Binti wa Mama Mkunga, anayeishi mbali sana, huko ambako basi likikufikisha bado kuna ndege ya kupanda, alijifungua pacha na akamwomba mama yake aende wakaishi wote. Mama Mkunga alitutangazia kwenye jiwe tunapopumzikia, akimenya chungwa, bila kumtazama yeyote. Alisema matembezi ya mwisho ya msimu ule ndiyo yatakuwa yake ya mwisho. Mwalimu alitoa hotuba. Miwani alichukua lenzi akaanza kuifuta, na ilikuwa safi.

Wiki ile nzima ukuta wetu ulikuwa kimya. Siku moja kabla ya kupanda aligonga mbao kwa kidole, akaniambia kwamba kesho atasema. Atamwita mara moja tu, akija atamwambia. Nikamjibu kwamba Mungu amtangulie, na kwamba asisahau kukata nywele za masikioni.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mabegani mwa kilima. Mama Mkunga alikwenda mwendo wa haraka kuliko kawaida yake, nasi nyuma yake tukihema. Maua yalikuwa yamechakaa, ua moja hapa, mawili kule. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Tulipofika chini ya jabali kubwa nikasikia nyuma yangu hatua zimekatika.

Miwani alikuwa ameinama kwenye kivuli cha jabali. Kulikuwa na ua pale ambalo sijapata kuliona, wala yeye. Lilikuwa dogo kama kifungo cha shati la mtoto, rangi yake si buluu wala kijivu, shina lake jekundu, na kila petali ilikuwa na mstari mmoja mwembamba katikati kama uliochorwa kwa sindano. Kwa mara ya kwanza baada ya misimu miwili hakuwa na haja ya kudanganya.

"Halijapita," akasema.

Neno likaenda mbele mdomo kwa mdomo. Nikasikia watu wakiguna. Karani akauliza ni kishona nguo tena au ni nini. Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani kwamba mvua inakuja, na kwamba tukimfuata huyu tutalala mlimani. Tone la kwanza lilianguka kwenye mkono wangu. Kule mbele nilimwona Mama Mkunga amesimama ametupa mgongo, mkono mmoja kiunoni. Hakugeuka. Neno lake likarudi kwetu kwa njia ile ile, kutoka mdomo hadi mdomo: andikeni ni kishona nguo, tuondoke.

Miwani alibaki ameinama. Nilimwambia twende, mvua hiyo. Akaingiza lenzi ndani ya shati, akanifuata, na hakusema limepita wala halijapita mpaka tukafika mjini tumelowa chapachapa.

Kesho yake Mama Mkunga alikuja kwangu na viatu vyake vya mlimani. Alitaka soli mpya kabla ya safari. Miwani alikuwa hajafungua duka. Mama Mkunga alikaa kwenye kigoda changu, akatazama ukuta wa mbao, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Fundi, jana kule nyuma kulikuwa na nini?"

Nikamweleza lile ua, shina lake, mistari yake. Nikamwambia safari hii Miwani hakuwa anatafuta sababu.

"Kwani unadhani sikujua?" alisema. "Mtu mzima atakosaje kujua kishona nguo? Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilirudi kwa sababu nilipenda kurudi."

Nikamuuliza, basi jana ilikuwaje.

"Jana ningerudi, nisingeweza tena kwenda mbele. Na wajukuu wananingoja." Akafuta mikono kwenye sketi ingawa hakukuwa na cha kushika. "Usimwambie. Kama ana neno, analo mdomo wake. Mimi nimekaa na wanawake kwenye uchungu maisha yangu yote, Fundi. Mficha uchi hazai, na huyo bwana amejifunika mpaka kichwani."

Nilichukua brashi nianze kusafisha viatu vyake. Kamba na vitambaa vya ndani vilikuwa vimejaa mbegu nyeusi za kishona nguo, zimeganda kila mahali. Akanishika mkono. Akasema nibadilishe soli tu, hizo niziache. Nikaziacha. Kazi yangu ni viatu, siulizi watu wanasafiri na nini.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumsaidia kubeba masanduku. Chumba chake kilikuwa kitupu, kuta zina alama za mahali picha zilipokuwa, na kwenye dirisha kulikuwa na kikombe kimoja alichokuwa bado anakitumia. Miwani akaingia amevaa shati la pasi. Nikasema moyoni leo ndiyo leo. Akatoa mfukoni bisibisi yake ndogo ya kazini. Akaomba miwani ya Mama Mkunga, akaipeleka dirishani, akakaza skrubu za kushoto na kulia, akanyoosha mikono ya fremu, akaifuta, akamvalisha yeye mwenyewe, polepole, nyuma ya sikio moja na nyuma ya lile jingine.

"Usiivue kwa mkono mmoja," akamwambia. "Inapinda."

"Nimesikia," akasema Mama Mkunga. Alisubiri. Nami nilisubiri, na sanduku kichwani. Nje dereva akapiga honi, na yote yakaishia hapo. Kusema kweli nilitamani kumpiga mtu yule kwa kiatu.

Miwani alimkumbuka mno. Sina neno la kuzungusha. Aligeuza kiti chake kikatazama barabara aliyokuwa akipita Mama Mkunga akienda sokoni, na wateja wakawa wanamkuta amekaa hivyo. Bado aliwauliza, "Ipi afadhali, hii au hii?" lakini wakati mwingine hakungoja jibu, akauliza tena. Nilimkuta mara moja ameegemea mlango, chai imepoa mkononi, nikamuuliza anataka nini hasa hapa duniani.

"Hamu yangu si kubwa, jirani," alisema. "Nataka arudi aniambie nimekosea."

Kiangazi kikapita, baridi ikaja ikaondoka, na mvua zikashika. Mwalimu akawa Kichwa. Miwani tulimwachia mkia wake, na hapo ndipo tulipojua tulikuwa na nini zamani. Kila ua alilikubali. Ukitaja hili, limepita. Ukitaja lile, limepita. Safu yetu haikusimama hata mara moja, tukawa tunafika kileleni mapema na hatuna la kusema, watu wanakula machungwa yao kimya kama abiria. Tulipofika chini ya jabali lile, ua dogo lilikuwapo, moja tu, na karani akapendekeza tulipe jina. Miwani akakataa. Alisema Kichwa wake hajaliona, basi libaki hivyo hivyo.

Mwalimu, ambaye ndiye aliyelalamika kuliko wote enzi zile, hakuweza kuvumilia. Jumapili moja alisimama mbele ya kishona nguo, akakohoa, akataja kwa sauti kubwa kwamba hii ni alizeti. Tukageuka wote tukatazama nyuma. Alikuwa anamtegea makusudi, mzee wa watu, uso umemjaa matumaini.

"Limepita," akasema Miwani.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alivua kofia, akaivaa tena, tukaendelea na safari.

Siku chache baadaye nilikuwa na kiatu gotini nikasikia kiti cha jirani kimeanguka. Nikadhani amepatwa na jambo. Kabla sijainuka alikuwa ameshaingia kwangu, simu mkononi ameishika kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa. Akasema nitazame, nimwambie ninachokiona.

Ilikuwa picha kutoka kwa Mama Mkunga. Ngazi ya saruji ya nyumba ya ghorofa, viatu vya watoto wawili vimepangwa pembeni, na kwenye ufa kati ya ngazi na ukuta kumeota kijimmea kimoja chenye ua lenye moyo wa njano na vijipetali vyeupe. Chini yake maneno. Aliandika kwamba mahali pale hakuna mtu anayekijua kijimmea hicho, wala hakijawahi kuonekana mtaani. Alisema yeye anadhani ni kishona nguo, lakini macho yamezeeka na hana hakika. Kisha swali: Mkia anasemaje?

Nikasoma mara mbili. Mama Mkunga hana hakika ya kishona nguo. Nikaziona kichwani mwangu zile kamba za viatu nilizokatazwa kuzisafisha, nikamtazama jirani, na ilibidi niinamie kiatu changu nijifanye natafuta msumari.

Yeye alikuwa ametoa lenzi. Aliweka simu juu ya meza yangu kati ya gundi na nyuzi, akaifuta kioo, akaisogelea na lenzi kama kwamba ni ua lenyewe. Alitazama petali, akatazama majani, akatazama vile viatu vidogo vya watoto. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akinisomea kila neno ili niwe shahidi.

"Halijapita. Ua halitajwi kwa picha. Usiruhusu mtu alikanyage, nakuja kuliona."

Akabonyeza, akaiweka simu kifudifudi, haraka, kama iliyomchoma. Tulikaa. Barabarani watu walipita na mambo yao. Simu ikalia, akaiacha ikalia, akaniomba nisome mimi. Nikaigeuza. Mama Mkunga alikuwa ameandika maneno mawili tu, na nikamsomea kama yalivyo.

"Nimepiga magoti."

Miwani alivua miwani yake, kwa mkono mmoja, akaiweka juu ya meza yangu. Halafu akainama akafungua kamba za viatu vyake, akavivua vyote viwili, akanipa, na kubaki na soksi kwenye sakafu yangu ya saruji. Akaniuliza kama soli hizo zinafika mbali. Nikavigeuza nikavitazama. Zilikuwa zimelika mbele, kwenye vidole, kama kawaida ya mtu aliyezoea kupiga magoti, na kisigino kilikuwa bado kizima.

"Zitafika," nikamwambia, nikachukua nyundo.